Mfumo Hauulizi Mara Mbili

Ipo nchi moja, sitasema iko upande gani kwa sababu watu wake hawapendi kujionyesha, inayoitwa Jamhuri ya Shwari. Washwari wana adabu kuliko watu wote waliowahi kulipa kodi. Mtoto wa Shwari huanza kukataa kabla hajaanza kutembea. Ukimkaribisha chai atakwambia hapana, asante, nimetoka kunywa sasa hivi. Ukimkaribisha tena atasema hapana, usijisumbue. Ukimkaribisha mara ya tatu atavuta kiti. Kukubali mara ya kwanza ni uroho, kukubali mara ya pili ni pupa, na kukataa mara ya tatu ni matusi. Hesabu hiyo kila mtu anaijua, na kwa miaka mingi haikumdhuru yeyote, ila chai ilikuwa ikipoa.

Katika nchi hiyo aliishi Mzee Faraji Tindwa, mkaguzi wa mizani mstaafu. Kwa miaka thelathini na minane alizunguka masoko ya mji mkuu na sanduku la mawe yake ya kupimia, akiwaumbua wauza sukari na wauza dagaa waliochezea mizani. Hakuwahi kula rushwa hata siku moja. Wenye kumbukumbu nzuri wanasema ni kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa zaidi ya mara mbili.

Kila mwezi, kwa miaka yote hiyo, kipande cha mshahara wake kilikatwa kikapelekwa Mfuko wa Uzeeni. Na sheria ya Shwari inasema kwamba mtu akitimiza miaka sabini na tatu lazima kila mwaka atoe sehemu ya akiba yake, atake asitake, kisha ajaze ritani, yaani taarifa ya kodi, kwenye kompyuta ya Serikali iitwayo Mfumo. Akiba isipotolewa inalala, na kodi yake inalala nayo, na Serikali ya Shwari haipendi kitu chake kilale. Asiyetoa anapigwa faini ya nusu ya kile alichopaswa kutoa. Huo ndio ulinzi waliopewa wazee.

Mzee Faraji alipotimiza umri huo alishukuru, maana fedha zilikuwa na kazi. Mkewe, Bi. Siwema, alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka miwili mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Uzi alikuwa anaupitisha kwenye sindano kwa ulimi na kwa kubahatisha. Wateja waliendelea kumletea nguo kwa heshima, kisha wakazishonesha upya kwingine. Daktari bingwa wa macho alikuwa anakuja Shwari mara moja tu kwa mwaka, kwa siku tatu, na mwaka huo angeanza kazi Jumatatu. Gharama ya macho yote mawili ilikuwa milioni tano na laki nane, ilipwe kabla ya saa mbili asubuhi ya siku hiyo. Jicho la kushoto lingeweza kungoja mwaka mwingine. La kulia, daktari alisema, halingeweza.

Basi mzee alikwenda kwenye Mfuko. Keshia akamsogezea milioni sita chini ya kioo, mzee akazirudisha. Akamsogezea tena, akazirudisha. Mara ya tatu akazipokea kwa mikono miwili, akazipeleka benki asubuhi ile ile. Kila kitu kilikwenda kistaarabu.

Yakabaki mambo ya ritani.

Alikwenda chumba cha kompyuta cha posta akiwa na cheti alichopewa na Mfuko. Mtu aliyepima mizani maisha yake yote hakosei tarakimu. Kwenye kisanduku cha kwanza aliandika jumla iliyotolewa, cha pili kiasi kinachotozwa kodi, cha tatu kodi iliyokwisha kukatwa. Alihakiki mara tatu, na vyote vililingana na cheti mpaka senti. Akabonyeza kuendelea. Ukurasa ukafunguka ukiwa na swali moja tu:

Je, ulipokea fedha zako za lazima za mwaka huu?

Chini yake palikuwa na vitufe viwili. Mzee Faraji, kama mtu yeyote aliyelelewa na mama yake, akabonyeza Hapana.

Mfumo ukaandika Asante. Kisha kioo kikawa cheupe.

Alikaa nusu saa mbele ya kile kioo, mikono juu ya magoti, akingoja kuulizwa mara ya pili. Mhudumu wa posta alipomuuliza kama amemaliza, akajibu kwa upole kwamba bado, ngoja kwanza waulize tena.

Siku ya Jumanne barua ilifika. Ilikuwa na mihuri minne, mmoja wa dhahabu, na iliandikwa na Wizara ya Mapato na Staha. Ilimpongeza kwa maisha marefu. Ilimjulisha kwamba kwa kuwa yeye mwenyewe amekana kupokea fedha za lazima, amevunja sheria kwa kutozipokea na atalipa nusu yake kama faini. Ilimjulisha pia kwamba katika akaunti yake ya benki zimekutwa fedha zinazolingana kabisa na hizo, na kwa kuwa amekana si zake, zimezuiwa hadi mwenyewe apatikane. Mwenyewe asipopatikana ifikapo Ijumaa saa kumi kamili jioni, faini itakatwa humo, na kitakachobaki kitaingia kwenye ujenzi wa Mnara wa Kutosheka. Barua ilimalizia kwa kumtakia afya njema yeye na familia.

Mzee aliisoma akiwa amesimama. Alipofika mwisho akakaa juu ya kapu la vitambaa vya mkewe.

"Nisomee na mimi," Bi. Siwema alisema kutoka kwenye cherehani.

Akamsomea. Bi. Siwema alisikiliza hadi mhuri wa mwisho, mguu wake ukiwa umetulia kwenye kanyagio.

"Uliulizwa mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na wewe ukakataa."

"Mama Mwatumu, ningefanyaje? Kulikuwa na watu."

Mwatumu alikuwa binti yao, aliyeolewa mbali. Bi. Siwema hakumlaumu mumewe. Angekuwa yeye angefanya vile vile, na hilo ndilo lililomwogopesha.

Jumatano mzee alidamkia Wizarani. Nje palikuwa na foleni ya wastaafu inayozunguka jengo, wote wana barua zenye mihuri minne, wote wamebonyeza kitufe kile kile. Ilikuwa foleni tulivu na yenye heshima, nayo haikuwa inasogea. Kila mlango ulipofunguliwa na mtu wa mbele akaitwa, aligeuka akamwambia wa nyuma yake, tangulia wewe, naye akasema hapana, tangulia wewe, mpaka mlango ukafungwa. Jumatano hiyo waliingia watu watatu, na mmoja wao alikuwa fundi bomba.

Juu ya mlango kulikuwa na kipaza sauti, na kila baada ya saa moja kilitoa hotuba ya Mheshimiwa Waziri, iliyorekodiwa katika chumba chenye mwangwi.

"Ndugu zangu wastaafu watukufu," ilisema sauti hiyo, nene na yenye kushiba. "Dunia nzima inatutazama kwa wivu. Wapo wazee wa nchi nyingine wanaogombania pensheni zao, wanaandamana, wanabeba mabango. Lakini ninyi, ndugu zangu, kati ya wastaafu elfu arobaini walioulizwa na Mfumo kama wamepokea fedha zao, wastaafu elfu thelathini na tisa na mia tisa wamejibu hapana. Kwa hiari. Kwa kidole chao wenyewe. Huo ndio uzalendo. Nami nimeguswa, na kwa fedha hizo tutawajengea mnara."

Watu wa foleni walipiga makofi, kwa kuwa haikuwa adabu kutopiga.

Alhamisi mchana alitoka nje Bwana Shembilu, Afisa Ritani Mkuu Msaidizi, mtu mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, akaja kuwaeleza utaratibu. Marekebisho yapo, alisema. Serikali haiwezi kumnyima mtu marekebisho. Ila hayafanywi kwa vidole tena. Mtu ataingia ukumbini, atakaa mbele ya kinasa sauti, na taa nyekundu ikiwaka Mfumo utamuuliza maswali, naye atajibu kwa mdomo wake mbele ya hadhara. Jibu la kwanza ndilo jibu. Neno lolote litakalosemwa taa ikiwa inawaka litahesabiwa, hata kama mtu anaongea na inzi.

"Kwa hiyo tuseme ndiyo mara ya kwanza?" aliuliza mzee mmoja, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama atavuliwa nguo.

"Mkipenda. Ni haki yenu," alisema Bwana Shembilu. "Ila Sheria ya Staha nayo ipo pale pale. Atakayekubali mara ya kwanza hadharani ni mtovu wa adabu daraja la pili. Atapigwa picha, na picha itakaa kwenye ubao wa lango kwa mwaka mmoja. Tunasikitika sana."

"Na Mfumo hauwezi kuuliza mara tatu, kama watu?" aliuliza Mzee Faraji.

Bwana Shembilu alitabasamu kwa huruma. "Mzee wangu, Mfumo unaouliza mara tatu upo. Ni wa waheshimiwa. Ni ghali sana kuuendesha."

Jioni hiyo, jua likiwa bado halijazama, Bi. Siwema alimkalisha mumewe uani kwenye kigoda. Yeye alikaa mbele yake akigeuza kola ya shati la mumewe la kuendea ofisini, akiipapasa kwa kidole gumba, huku anamfundisha.

"Baba Mwatumu, karibu chai."

"Hapana, asante."

"Tena. Karibu chai."

"Hapana, usijisumbue."

"Mimi siyo mgeni wako, mimi ni Mfumo. Karibu chai."

Mzee alifunga macho. Alilivuta neno kutoka mbali, likafika kooni likakwama. Kijasho kilimtoka. Akasema, "Labda nusu kikombe," na Bi. Siwema akaweka sindano chini.

"Nusu kikombe siyo jibu. Sikiliza. Sasa hivi wewe nakuona kivuli tu. Najua ni wewe kwa sababu ya kukohoa. Wakichukua hizo fedha, jicho hili la kulia ndiyo basi. Nitakufa nakujua kwa kikohozi. Unataka hivyo?"

"Hapana."

"Hiyo hapana ni ya kweli au ya adabu?"

Mzee Faraji aliinamisha kichwa. Alikuwa analia, na alilia kimya kimya ili asimsumbue. Mkewe alisikia pumzi yake, akainua sindano tena.

"Karibu chai," alisema.

"Ndiyo," alisema mzee. Ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. Walirudia mara sitini kabla ya chakula.

Ijumaa asubuhi alivaa lile shati, akafika kwenye foleni akiwa mtu wa kumi na mbili. Kufikia mchana, kwa kupisha watu, alikuwa wa ishirini na tisa. Saa tisa na dakika thelathini na tano alikuwa wa arobaini na moja. Aliangalia saa ya ukutani, akaangalia migongo ya watu mbele yake. Alikuwa amejizoeza kwa ajili ya ukumbi. Hakuna aliyemwambia kwamba mtihani ungeanzia nje.

Mlango ulifunguliwa. Foleni yote ikageuka nyuma kama kawaida, na mzee wa mbele yake, dereva mstaafu wa treni, akamwinamia kidogo. "Tangulia wewe, mzee mwenzangu."

"Ndiyo," alisema Mzee Faraji, na akatangulia.

Dereva wa treni alibaki mdomo wazi. Aliyefuata hakuwa ameona kilichotokea, naye akasema tangulia wewe, Mzee Faraji akasema ndiyo, akatangulia. Akapita wa tatu, wa nne, wa tano, masikio yakimwaka moto. Hakuna aliyemzuia, maana kila mmoja alikuwa amemkaribisha mwenyewe. Nyuma yake minong'ono ilikuwa inapanda. Mtu mmoja alisema maskini, ana wazimu, na mwingine akauliza ni wa ukoo gani. Ndani ya dakika nane aliwapita wastaafu thelathini na tisa, na kila ndiyo ilimuuma.

Aliyebaki mbele alikuwa Bibi Agripina, mkunga mstaafu mwenye miaka themanini na moja, aliyezalisha nusu ya mji akiwemo Bwana Shembilu mwenyewe. Naye aligeuka kwa tabasamu. "Tangulia, mwanangu."

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini na sita. Mzee Faraji alimtazama yule bibi, na neno alilolifanyia mazoezi likakataa kutoka. Safari hii halikukwamishwa na adabu.

"Nenda wewe, mama," alimwambia kwa haraka. "Ila nisikilize. Wakikuuliza, sema ndiyo pale pale. Hawarudii."

"Mimi? Kwa umri huu?" alisema Bibi Agripina, akaingia.

Ukumbi ulikuwa umejaa mashahidi wa Serikali walioketi kwa safu. Mzee Faraji alisimama mlangoni akaona taa nyekundu ikiwaka, akasikia sauti ya Mfumo, ya kike na laini, ikimuuliza bibi kama yeye ndiye Agripina Mhando. Bibi akasema ndivyo watu wanavyosema. Bwana Shembilu alitikisa kichwa kwamba hilo linapita. Kisha sauti ikauliza kama alipokea fedha zake za lazima za mwaka huu.

Bibi aliangalia zile safu za watu. Alishika vizuri mkoba wake.

"Hapana, binti yangu," alisema. "Kwani mimi ni nani."

"Asante," ulisema Mfumo, na taa ikazimika.

Bibi Agripina alingoja. Aliinama karibu na kinasa sauti, akakigusa kwa kidole kama anayemwamsha mtu. Bwana Shembilu alikuja kumshika mkono kwa upole mwingi, akamwambia imekwisha, bibi. Naye bado alikuwa anangoja. Ilibidi wamwinue na kiti.

"Anayefuata," alisema Bwana Shembilu.

Saa tisa na dakika hamsini na mbili, taa nyekundu iliwaka mbele ya Mzee Faraji.

"Je, wewe ndiye Faraji Tindwa?"

"Ndiyo."

Safu ya kwanza ya mashahidi iliguna. Bwana Shembilu, ambaye kusema kweli hakuwa mtu mbaya, aliona jasho likimtiririka mzee hadi kwenye kola. "Mzee wangu," alisema, "nikuletee maji?"

Taa ilikuwa inawaka. Hapana, asante, ilipanda kutoka tumboni kwa Mzee Faraji kwa nguvu za miaka sabini na tatu. Ilifika kwenye ulimi. Akauma ulimi. Akawaza juu ya kidole gumba cha mkewe kikipapasa mshono.

"Ndiyo," alisema.

Maji yaliletwa, na kwa kuwa alikuwa ameyakubali ilibidi ayanywe, mbele za watu wote, akisikia koo lake mwenyewe linavyomeza. Baadhi ya mashahidi waligeuza nyuso.

"Je, ulipokea fedha zako za lazima za mwaka huu?"

"Ndiyo."

"Je, fedha hizo zote ni zako?"

Hili ndilo lilikuwa gumu. Mshwari hasemi kitu ni chake. Nyumba yake huiita kwenu, mwanawe humwita mwanenu, na shamba lake atakuonyesha kama la jirani. Mzee Faraji alifikiria miaka thelathini na minane ya kuamka alfajiri, sanduku la mawe likimvuta bega, na kile kipande kilichokatwa kila mwezi bila yeye kuulizwa hata mara moja. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisikia hasira, na ilimshangaza jinsi ilivyokuwa na faida.

"Ndiyo. Ni zangu."

"Neno moja linatosha, mzee," alinong'ona Bwana Shembilu.

Mfumo ulinyamaza. Kwenye kioo kikubwa ukutani kiduara kilizunguka, kikazunguka, na saa pembeni yake ikaonyesha dakika hamsini na saba. Mzee alianza kuinuka. Sauti ikarudi.

"Je, ungependa kuzitoa fedha hizi kwa hiari yako kuchangia Mnara wa Kutosheka?"

Swali hilo halikuwa limetajwa na mtu yeyote. Ndiyo ilikuwa imeshafika mdomoni mwa Mzee Faraji, tayari, imeshazoea njia baada ya mara sitini za jana na zote za leo. Midomo yake ilikuwa imeshafunguka. Akaifunga kwa mkono. Bwana Shembilu alitazama chini.

Mzee alishusha mkono polepole. "Hapana," alisema.

Akangoja kusikia asante. Mfumo haukusema asante.

"Je, una hakika? Ungependa kuchangia Mnara wa Kutosheka?"

Mzee Faraji alikitazama kile kinasa sauti. Kumbe Mfumo unajua. Unajua vizuri kabisa jinsi watu wanavyoulizana, na ulikuwa unajua siku zote. Unapotoa huuliza mara moja, na unapotaka huuliza kama mtu.

"Hapana," alisema.

"Tunakuuliza kwa mara ya tatu. Ungependa kuchangia Mnara wa Kutosheka?"

Hakuna mtu mle ndani aliyewahi kusikia Mshwari akikataa mara ya tatu. Wazee wao walisimulia juu ya kisa kimoja cha ndugu wawili, na hao ndugu mpaka leo hawazikani. Dakika hamsini na tisa. Bwana Shembilu alikuwa amekunja mikono kama anayeomba, isijulikane anaomba lipi.

"Hapana," alisema Mzee Faraji Tindwa. "Hapana, hapana. Macho ya mke wangu ndiyo mnara wangu."

Shahidi mmoja aliangusha kalamu. Kiduara kilizunguka mara moja, kikasimama.

"Marekebisho yamepokelewa," ulisema Mfumo.

Walimpiga picha pale pale, jasho likimtoka. Kwa kuwa alikuwa ametukana, hakupewa daraja la pili kama wengine wangepewa. Alipewa la kwanza, ambalo lilikuwa halijawahi kutolewa, na ilibidi karani atafutwe wa kubuni muhuri.

Jumatatu saa moja na nusu fedha zililipwa. Saa mbili Bi. Siwema alikuwa kwenye benchi la hospitali, na muuguzi mwenye kompyuta ndogo ya mkononi akamsogelea, maana hospitali nayo ilikuwa imeunganishwa na Mfumo wiki ile.

"Mama, uko tayari kufanyiwa upasuaji?"

Bi. Siwema, mwalimu wa mara sitini, mwanamke aliyemfundisha mumewe mpaka mume akaota meno, aligeuza uso wake kwa wagonjwa wengine waliokuwa wamejipanga benchini. Aliwatabasamia. Alifungua kinywa, na Mzee Faraji akaona kabisa herufi ya kwanza inavyojiunda.

Alimziba mdomo kwa kiganja. Kumkatiza mkeo mbele ya wageni ni kosa jingine, sikumbuki daraja gani.

"Ndiyo," alisema mzee. "Yuko tayari. Andika."

Muuguzi akaandika.

Bandeji ziliondolewa Alhamisi. Jambo la kwanza aliloomba Bi. Siwema ni kupelekwa kwenye lango la Wizara. Mumewe alikataa mara mbili, kisha wakaenda. Mzee alikuwa amevaa shati lile lile, kwa kuwa ndilo alilokuwa nalo la kutokea.

Ubao ulikuwa mrefu na karibu mtupu, umetandikwa kitambaa cha kijani. Picha ya Mzee Faraji ilikuwa katikati, macho yamemtoka, glasi ya maji pembeni. Haikuwa peke yake. Kulia kwake palikuwa na dereva wa treni, daraja la pili, kwa kukubali kiti kwenye foleni bila kubembelezwa. Kushoto kwake palikuwa na Bibi Agripina Mhando, ambaye Jumatatu alirudi Wizarani na mkoba wake akakiita kinasa sauti jina ambalo mkunga pekee ndiye angelijua. Chini yao mtu alikuwa ameshapiga misumari sita mingine, mitupu.

Bi. Siwema aliweka uso karibu na picha ya mumewe. Alisoma maandishi yote kwa sauti, neno kwa neno, kwa raha ya mtu anayekula baada ya kufunga. Alirudia mahali paliposema "mtovu wa adabu daraja la kwanza." Kisha akaangalia kitu kidogo shingoni mwa ile picha, akageuka akakiangalia kwenye shati lenyewe.

"Kola nimeishona upande," alisema. "Umekaa mbele ya Serikali nzima kola iko upande. Tukifika nyumbani vua, niinyooshe."

"Hapana," alisema Mzee Faraji, "usijisumbue, mke wangu."

Bi. Siwema alimtazama. Alimtazama kwa macho yote mawili, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, na hakumuuliza tena.

"Ndiyo," alisema mzee.

Kola ilinyooshwa jioni ile ile. Ile ya kwenye picha iko upande mpaka leo.